Kabla ya Kumpandisha Mtu Mtini: Namna ya Kumpata Fundi Mwaminifu wa Kupogoa na Kukata Miti

Ukanda wa pwani unaoanzia Tegeta, Boko na Bunju, ukapita Mapinga, Kerege na Zinga hadi mji wa Bagamoyo, ni nchi ya miti mikubwa. Minazi na miembe mingi ilikuwako kabla ya nyumba tunazoziona leo. Viwanja vilipogawanywa, wenye navyo walijenga kando ya miti waliyoikuta, na wengine wakaongeza mikungu, mivinje, miarobaini na mijohoro kwa ajili ya kivuli. Miaka imepita, miti imekua na nyumba zimesogeleana. Tawi lililokuwa likidondosha maembe uani sasa limelalia bati la jirani.

Kila masika yanapokaribia, wenye nyumba huanza kutafuta watu wa kupunguza matawi. Mwanzoni mwa Mei 2024, Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania ilipotangaza kwamba Kimbunga Hidaya kinaelekea pwani yetu, wengi waliitazama miti yao kwa jicho jipya. Hofu ya namna hiyo ina msingi. Lakini haraka inayoletwa na hofu ndiyo inayomfanya mlaji akubali bei asiyoielewa, kwa kazi asiyoieleza, kutoka kwa mtu asiyemjua. Katika somo hili tunaeleza mambo ya kuzingatia kabla ya kazi, wakati wa kazi na baada yake.

1. Je, mti unahitaji kukatwa?

Swali la kwanza si bei, bali haja. Mti wenye tawi moja linalogusa paa hauhitaji kuangushwa, unahitaji kupogolewa. Dalili zinazostahili kuangaliwa na mtu mwenye ujuzi ni hizi: shina lenye pango au uyoga unaoota chini yake, udongo unaopasuka au kuinuka upande mmoja wa mizizi, mti ulioanza kuinama hivi karibuni, na matawi makubwa yaliyokauka. Mti ulioinama tangu ujana wake na kujiimarisha hivyo hauna hatari sawa na ule ulioinama baada ya mvua ya juzi.

Jihadhari na mtu anayebisha hodi bila kuitwa, akautazama mti wako kwa dakika mbili na kutamka kwamba utaanguka wiki hii usipoukata leo. Pata maoni ya watu wawili au watatu. Shina la mwembe mkubwa lina thamani kwa mbao, kwa kuni na kwa mkaa; huenda anayekushauri uukate ndiye atakayeliuza.

2. Nani ana mamlaka juu ya mti huo?

Mti kuwa ndani ya ua wako hakumaanishi kwamba unaweza kuufanyia lolote. Kabla ya kutafuta fundi, jiridhishe na mambo yafuatayo.

Mikoko. Misitu ya mikoko ya Tanzania Bara imehifadhiwa kisheria tangu enzi za ukoloni. Mwenye kiwanja kinachopakana na bahari au mkono wa bahari haruhusiwi kukata mkoko ili apate mandhari ya maji, hata fundi akimwambia kwamba majirani wote wamefanya hivyo. Waulize Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania (TFS).

Miti ya mbao na usafirishaji. Sheria ya Misitu Na. 14 ya mwaka 2002 inaitambua baadhi ya miti kuwa ni miti iliyohifadhiwa, na mvule ni mmojawapo. Vilevile, magogo, mbao na mkaa havisafirishwi barabarani bila kibali. Uliza ofisi ya TFS au afisa misitu wa halmashauri kabla ya mti kuanguka, si baada ya gari kuzuiwa njiani.

Maeneo ya urithi. Miembe ya misheni ya Bagamoyo, iliyoanzishwa mwaka 1868, na mibuyu ya Kaole ni sehemu ya historia ya mahali. Aliye ndani ya Mji Mkongwe au jirani na magofu aulize kwanza halmashauri na wasimamizi wa Mambo ya Kale.

Nyaya za umeme. Mti uliogusa au kukaribia waya wa TANESCO usiguswe na fundi wa mtaani. Mti mbichi hupitisha umeme, na panga, ngazi ya chuma au kamba iliyolowa huufikisha kwa mtu. Toa taarifa TANESCO, usubiri njia ikaguliwe na umeme ukatwe na wenye mamlaka nao.

Jirani na mwenye nyumba. Mti ulio mpakani una wenye haki wawili. Kubalianeni kwa maandishi. Mpangaji apate idhini ya mwenye nyumba.

3. Kumtambua fundi wa kweli

Pwani yetu ina wakwezi hodari, na ustadi wao ni wa kuheshimiwa. Hata hivyo, kukwea mnazi ili kuangua nazi ni kazi moja, na kushusha tawi lenye uzito wa ng'ombe juu ya paa la bati ni kazi nyingine. Nayo kadi iliyoandikwa neno "kampuni" haithibitishi chochote. Omba kuonyeshwa:

- Usajili wa jina la biashara au kampuni kutoka BRELA, leseni ya biashara na namba ya mlipakodi. Jina lililo katika nyaraka liwe ndilo litakaloandikwa katika mkataba na ndilo litakalopokea fedha.
- Kitambulisho cha msimamizi na mahali anapopatikana, si namba ya simu peke yake.
- Kazi mbili au tatu alizofanya katika eneo lenu, zikiwemo zilizofanywa mwaka mmoja au zaidi uliopita. Nenda ukaione miti hiyo na uzungumze na wenyewe.
- Uthibitisho kwamba wafanyakazi wake wamesajiliwa katika Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi (WCF), na bima ya uharibifu wa mali ya watu wengine kama anayo.

Hoja hii ya mwisho ndiyo inayopuuzwa zaidi, nayo ndiyo nzito kuliko zote. Kijana akianguka kutoka urefu wa ghorofa tatu, familia yake itauliza ni nani aliyempandisha. Kama aliyemleta hana ofisi wala usajili, na simu yake haipatikani, watu watabisha mlangoni kwako. Bei ndogo ya asubuhi huweza kugeuka kuwa gharama ya hospitali jioni, na juu ya gharama hiyo kuna uhai wa mtu, ambao haulipiki.

4. Maswali yanayopima ufundi

Huhitaji kuwa bwana misitu ili umpime fundi. Muulize maswali haya kwa upole na usikilize majibu.

"Fundi, tawi hili utalikatia wapi?" Jibu sahihi ni nje kidogo ya shingo ya tawi, yaani ule uvimbe ulio mahali tawi linapoungana na shina. Mti huziba kidonda kuanzia hapo. Akikata kwa kulisawazisha shina, au akiacha kisiki kirefu, uozo hupata njia.

"Utalizuiaje lisichane gamba?" Tawi zito hukatwa mara tatu: kwanza mkato mdogo chini yake, mbali kidogo na shina, pili mkato wa juu, mbele ya ule wa kwanza, unaoliangusha, tatu mkato wa mwisho karibu na shingo.

"Utapunguza kiasi gani?" Kanuni ya busara ni kutozidisha robo ya majani mabichi kwa mwaka. Anayependekeza kuukata mti kichwa chote "ili usisumbue tena" anakuuzia usumbufu: machipukizi yatakayoota hujishikiza kwa udhaifu, hurefuka haraka, na huvunjika kwa upepo.

"Na mnazi?" Mnazi una kilele kimoja tu cha kukua; kikikatwa, mti umekufa. Shina lake halizibi majeraha, kwa hiyo ngazi zilizochongwa kwa panga hubaki wazi maisha yake yote. Mnazi ukiangushwa, gogo lisiachwe kuoza uani, kwa maana humo ndimo mdudu chonga anapozaliana na kwenda kushambulia minazi iliyo hai.

Mwembe ni vizuri upogolewe baada ya mavuno na kabla ya masika. Mwenye kupanga mapema hupata nafasi ya kuchagua fundi.

5. Makubaliano na malipo

Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Makubaliano ya mdomo yana nguvu kisheria, lakini kuyathibitisha ni kazi ngumu. Karatasi moja yatosha, ikiwa imeeleza: ni mti upi na matawi yapi, kupogoa au kung'oa pamoja na kisiki, nani atabeba matawi na kuyapeleka wapi, magogo na kuni ni mali ya nani, tarehe ya kuanza na kumaliza, nani atalipa paa, ukuta au bomba likivunjika, na bei nzima. Pande zote mbili zisaini mbele ya shahidi.

Ugomvi mwingi huzaliwa katika mambo mawili: kubeba matawi na umiliki wa magogo. Fundi hutaja bei ya kukata tu. Mti ukiwa umelala uani, huomba nyongeza ya kuuondoa, na mwenye nyumba hana la kufanya. Hayo yaandikwe mapema.

Usilipe fedha zote kabla ya kazi. Kwa mfano wa hesabu tu, kama bei ni shilingi 400,000, unaweza kutoa 100,000 za mafuta na usafiri, 200,000 mti ukishashuka salama, na 100,000 baada ya uwanja kusafishwa. Ukilipa kwa simu, hakikisha jina linalojitokeza ni la aliye katika mkataba, uhifadhi ujumbe, na udai risiti kwa kila malipo.

6. Siku ya kazi

Piga picha za mti, paa na ukuta kabla ya kuanza. Ondoa watoto, mifugo na magari, na uwajulishe majirani. Hakikisha wafanyakazi wana kofia ngumu, viatu vya kufunika mguu, miwani, na mkanda wa usalama uliofungwa mtini kwa anayepanda. Mti uchunguzwe kama una nyuki. Awepo mtu wa chini anayezuia wapitao. Usikubali chenso itumiwe kwa mkono mmoja juu ya ngazi, wala kazi iendelee katika mvua au upepo mkali. Una haki ya kusema "simameni". Nawe usiwahimize wamalize haraka.

7. Mambo yakiharibika

Mwandikie fundi barua ukieleza kasoro, ambatisha picha na umpe muda wa kurekebisha. Ikishindikana, mweleze mwenyekiti wa serikali ya mtaa au wa kitongoji. Suluhu nyingi hupatikana hapo. Kama ulidanganywa kuhusu huduma, Tume ya Ushindani (FCC) hupokea malalamiko ya walaji chini ya Sheria ya Ushindani Na. 8 ya mwaka 2003, inayokataza mwenendo wa kupotosha. Madai ya fedha huweza kupelekwa mahakamani, wizi huripotiwa polisi, na kazi inayohatarisha wafanyakazi huripotiwa kwa Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi (OSHA).

Jipime

Kabla ya kusaini, jibu maswali haya saba. Kama jibu mojawapo ni "hapana" au "sijui", ahirisha kazi.

1. Je, nimepata maoni ya zaidi ya mtu mmoja kuhusu mti huu?
2. Je, nina hakika mti hauhitaji kibali, au kibali ninacho?
3. Je, mti uko mbali na nyaya za umeme, au TANESCO wamearifiwa na kuchukua hatua?
4. Je, nimeiona kazi ya zamani ya fundi huyu kwa macho yangu?
5. Je, ninajua nani atamtibu mfanyakazi akiumia?
6. Je, karatasi inataja matawi, magogo, usafi na uharibifu?
7. Je, sehemu ya malipo itabaki mkononi mwangu hadi kazi ikamilike?

Mwembe uliochukua miaka arobaini kukua huangushwa kwa saa moja. Siku chache za kuuliza, kukagua na kuandika si ucheleweshaji. Ni kinga ya nyumba yako, ya jirani yako na ya yule atakayepanda mti kwa ajili yako.