SOMO LETU: BISI ZA SUKARI NA CHUMVI ZA USIKU WA HALLOWEEN

Ndugu Wanachama,

Katika mkutano uliopita mzee wetu mmoja aliinuka akatuuliza swali ambalo hatukuweza kulijibu vyema papo hapo. Alisema: "Mwanangu Katibu, kila msimu mwatuhimiza tuchambue makonyo, tuanike juu ya majamvi, tusiache karafuu mbichi kuvunda ndani ya magunia. Lakini karafuu ikisha kusagwa huko iendako, ni nani atakayejua kuwa mlikuwa na konyo ndani yake?"

Tuliahidi kumjibu katika ukurasa huu. Jibu tumelipata ndani ya sufuria ya bisi. Basi twaomba msome somo hili mpaka mwisho, hasa wale watakaosema, "Bisi zatuhusu nini sisi wenye mikarafuu?"

1. Siku yenyewe ni ipi?

Halloween ni usiku wa tarehe 31 Oktoba, mkesha wa siku ya Watakatifu Wote wa Wakristo. Asili yake yatokana na desturi za kale za watu wa Ireland na Scotland, na wahamiaji wao ndio walioipeleka Marekani katika karne ya 19. Kwao Ireland walikuwa wakichonga figili kubwa na kuweka mwanga ndani. Walipofika Marekani wakaona boga ni kubwa na laini zaidi, wakachonga boga. Watoto huvaa nguo za kutisha, wakapita nyumba kwa nyumba wakidai peremende, na asiyewapa huogopeshwa kuwa atafanyiwa vituko.

Siku hiyo si yetu, wala hatumwambii mtu aifuate. Lakini mwuzaji mwenye akili hujua mnunuzi wake anapika nini, na siku gani. Huko ni wakati wa majani kupukutika na baridi kuingia, na watu hupenda vyakula vyenye mdalasini, tangawizi, kungumanga na karafuu. Mchanganyiko huo, unaotiwa katika andazi la boga, umekuwa ukiuzwa madukani Marekani ukiwa tayari umesagwa tangu miaka ya 1930.

2. Watu wasiokula kitu cha mnyama

Siku hizi wako watu wengi katika Ulaya na Marekani wasiokula nyama, samaki, mayai, maziwa, siagi wala asali. Huitwa "vegan", jina lililotungwa Uingereza mwaka 1944 na Donald Watson na wenzake. Bisi tamu za kawaida hupikwa kwa siagi, kwa hiyo watu hawa hawazili. Badala ya siagi hutumia mafuta ya nazi. Hapo ndugu wanachama mwaona: nazi na karafuu katika sufuria moja!

Tena hata sukari huiuliza asili yake, maana viko viwanda huko Marekani vinavyosafisha sukari ya miwa kwa makaa ya mifupa. Mtu anayeuliza mpaka hapo, hatashindwa kuuliza habari za karafuu.

3. Kwa nini punje hupasuka?

Si kila hindi hufanya bisi nzuri. Mahindi ya bisi ni aina ya peke yake, punje zake ndogo, zenye ganda gumu lisilopitisha mvuke. Ndani yake mna maji kidogo, kiasi cha sehemu 14 katika 100. Punje ikipata moto, maji yale hugeuka mvuke, na wanga ulio ndani hulainika. Moto ukifika kama digrii 180 za Sentigredi, ganda hushindwa kuuzuia mvuke, likapasuka, na wanga ukatoka nje kama povu na kuganda hapo hapo.

Punje iliyokauka mno haipasuki, maana mvuke hautoshi. Yenye ganda lililopasuka kadhalika, maana mvuke wake huvuja. Kwa hiyo mahindi ya bisi huhifadhiwa katika chombo chenye kifuniko cha kubana. Nasi mkulima wa karafuu twalijua jambo hili kwa upande wa pili: karafuu ikibaki na maji zaidi ya sehemu 12 katika 100, huota ukungu ghalani. Kila zao lina kiasi chake cha ukavu, na asiyekijua hupata hasara.

4. Vitu vinavyotakiwa

Mahindi ya bisi, nusu kikombe.
Mafuta ya nazi, vijiko 4 vya mezani.
Sukari, vijiko 3 vya mezani.
Chumvi laini, nusu kijiko cha chai.
Mdalasini wa unga, nusu kijiko cha chai.
Tangawizi kavu ya unga, robo kijiko cha chai.
Kungumanga, kiasi cha kushika kwa vidole viwili.
Karafuu ya unga, nusu ya robo kijiko cha chai, yaani punje kama tatu au nne zilizosagwa.
Mbegu za maboga zilizokaangwa, konzi moja, ukipenda.

5. Namna ya kupika

Kwanza, changanya chumvi, mdalasini, tangawizi, kungumanga na karafuu katika kibakuli, uviweke kando. Usivitie katika mafuta ya moto, maana vitaungua na kuwa vichungu.

Pili, tia vijiko 3 vya mafuta katika sufuria nzito yenye kifuniko, pamoja na punje tatu za mahindi. Weka moto wa wastani. Zikipasuka zote tatu, mafuta yamekuwa tayari.

Tatu, mwaga mahindi yote, nyunyiza sukari juu yake, koroga upesi, kisha funika. Acha upenyo mdogo wa kutokea mvuke.

Nne, tikisa sufuria bila kupumzika, maana sukari huungua upesi. Ukisikia mlio umepungua, na kati ya mlio na mlio mnapita kama sekunde mbili, epua hapo hapo. Usingojee punje ya mwisho. Kwa kuingoja hiyo moja utaunguza zote.

Tano, mimina katika sinia pana. Pasha moto kile kijiko cha mafuta kilichobaki, unyunyize juu ya bisi, halafu nyunyiza viungo na mbegu za maboga, ukigeuza kwa mwiko. Mafuta ndiyo yashikayo viungo. Pasipo mafuta viungo vyote huanguka chini ya sinia. Acha zipoe, ndipo ziwe kavu na za kuvunjika vizuri mdomoni.

6. Hadhari

Sukari iliyoyeyuka ni moto kuliko maji yanayochemka, tena hunata katika ngozi. Watoto wasikaribie jiko. Na bisi wasipewe watoto wa chini ya miaka minne, maana huweza kuwapalia. Tena kabla ya kula chambua zile punje zisizopasuka, zisije zikavunja meno.

7. Jibu la swali la mzee wetu

Sasa twarudi kwenye swali. Sisi tulipojaribu mara ya kwanza tulitia kijiko cha chai kizima cha karafuu. Tulisema, karafuu ni yetu wenyewe, ya nini kuifanyia choyo? Ulimi ukatufa ganzi, na bisi zile wakala kuku. Hapo tukafahamu kwa nini mpishi wa mbali hutumia robo gramu tu. Kwa hesabu hiyo kilo moja ya karafuu yatosha masufuria 4,000. Yaani kilo moja ya mwanachama mmoja yaweza kuonjwa katika nyumba 4,000.

Kisha tukafanya jaribio la pili. Tulipika mabakuli mawili. La kwanza tulitia karafuu safi, iliyokauka, ambayo ukiivunja yakatika kwa mlio. La pili tulitia unga wa karafuu tatu kwa konyo moja, kipimo kile kile. Watoto wa nyumbani hatukuwaambia neno. Bakuli la kwanza likaisha. La pili walilionja, wakaliacha nusu, na mdogo wao akasema, "Hili lina ladha ya kijiti."

Sababu yake si siri. Karafuu njema ina mafuta kiasi cha sehemu 15 mpaka 20 katika 100. Konyo lina kama 5 au 6 tu, na kilichobaki ni mti. Mpishi atumiaye gungu zima la viungo hatatambua. Lakini atumiaye punje nne, moja ikiwa konyo, amepoteza karibu sehemu moja ya sita ya nguvu ya kile alichokinunua. Yeye hatajua jina la aliyemwuzia, wala shamba lake. Atasema tu kuwa karafuu ya kisiwa hiki haina nguvu, na mara ya pili atanunua ya kwingine. Wako wengi wa kumwuzia.

Makonyo nayo yana thamani yake, yanakenekwa mafuta. Yauzeni kwa jina lake na bei yake. Wahenga walisema, kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini punje iliyokauka mno haipasuki?
2. Kwa nini viungo havitiwi katika mafuta ya moto mwanzoni?
3. Mwanachama akiuza kilo 10, karafuu yake yaweza kufika katika masufuria mangapi ya namna hii?

Katika mkutano ujao tutaleta mabakuli mawili, bila ya kuyaandika jina. Mzee wetu aliyeuliza tumemwekea nafasi ya mbele. Yeye ndiye atakayeonja kwanza, na hukumu tutamwachia yeye.

Wenu katika kazi,
Katibu wa Chama