Maji yavuja chini ya jamvi

SWALI: Bili ya maji imepanda ghafla na sakafu ya korido haikauki, ingawa sioni bomba linalovuja. Je, nivunje sakafu yote?
Msomaji, Makambako

JIBU: Usivunje bado. Funga koki zote, pamoja na ya tangi, kisha tazama mita. Ikizunguka, funga valvu ya kuingilia nyumbani. Ikisimama, uvujaji uko ndani. Ikiendelea, chimba uani kwanza. Lita moja tu kwa dakika ni lita 1,440 kwa siku, yaani zaidi ya uniti moja.

Kama bomba ni la plastiki na kiungo kimoja ndicho kimeachia, fundi atoboe hapo tu kwa tindo, abadilishe kipande, na maji yapite kwa presha kamili kabla ya kurudishia zege. Kama ni la chuma lililokula kutu, kiraka hakitadumu: achana nalo, pitisha bomba jipya ukutani. Likipita nje, lifunike vizuri. Baridi ya Njombe ya Juni na Julai huleta hata sakitu. Uvujaji ulio kabla ya mita usiuguse, ripoti mamlaka ya maji.