Kuvu ya jirani na mwarobaini wa mama

*Daktari, jirani yangu amemwaga mtama wa bluu kwenye shamba la mahindi, anasema una kuvu ya kuzuia sumukuvu. Mimi huweka majani makavu ya mwarobaini kwenye magunia, kama alivyofanya mama. Je, mahindi yake ni salama kwa wanangu? Na mwarobaini wangu hautoshi? – Mama wa wawili, Kiteto.*

Mama, mahindi ya jirani kuleni bila hofu, mradi yamekaushwa na kuhifadhiwa vizuri. Mtama wenyewe ndio usiliwe na mtu wala kuku.

Sumukuvu hutokana zaidi na kuvu iitwayo Aspergillus flavus, inayoishi udongoni hukohuko kwenu. Ila ndugu wa kuvu hii hawafanani: wapo wenye sumu, na wapo wasioweza kabisa kuitengeneza. Watafiti wa taasisi ya kilimo ya IITA na wenzao waliwachagua hao wapole kutoka mashamba ya hapahapa Tanzania, wakawapaka kwenye mtama uliouawa kwa joto usiote. Ndiyo Aflasafe. Humwagwa kilo 4 kwa ekari, wiki 2 hadi 3 kabla mahindi hayajachanua, udongo ukiwa na unyevu. Ni kama basi la Kibaya: aliyewahi kiti amewahi. Mwenye sumu akifika, anakuta pamejaa.

Mwarobaini kazi yake ni wadudu. Una azadiraktini, nyingi zaidi kwenye mbegu kuliko kwenye majani, inayomharibia mdudu hamu ya kula na kumvuruga asikue. Fukusi wakipungua, matundu ya kuingilia kuvu yanapungua pia, kwa hiyo mama yako hakukosea. Lakini sumu ikishaingia kwenye punje, jani haliitoi. Wala moto hauitoi. Songa ugali mpaka ukoko uungue, bado imo. (Na mafuta ya mwarobaini usiwanyweshe watoto. Wapo walioishia kwenye degedege.)

Hata jirani asibweteke, maana uhifadhi mbaya nao huleta sumu. Mwaka 2004, Makueni, Kitui na wilaya jirani za Kenya, watu 317 waliugua kwa sumukuvu na 125 wakafa. Mahindi mengi yalikuwa yamewekwa ndani yakiwa na unyevu. Kiteto mlionja msiba huo 2016. Anika juu ya turubai, si ardhini. Kabla ya kufunga gunia, tia mahindi na chumvi kavu kwenye chupa kavu, tikisa, subiri dakika 15. Chumvi ikiganda kwenye chupa, rudisha juani. Punje zilizobadilika rangi zitupe, usimpe ng'ombe: sumu itawarudia watoto kwenye maziwa.

Mimi ni mlaji wa dona na sitaiacha, ila mahindi yakiwa ya mashaka, kukoboa hupunguza sumu. Hakikisha pia watoto wamechanjwa homa ya ini B, kwani virusi hivyo vikikutana na sumukuvu, hatari ya saratani ya ini hupanda sana.

Mtu akitapika, macho yakawa ya njano na tumbo likajaa, mkimbize hospitali, na ubebe kikombe cha mahindi mliyokuwa mkila.