Mchezo Unaotungwa Uani

Kikundi chetu cha kwanza cha maigizo kiliuawa na ukumbi. Tulikuwa sita, jijini Dar es Salaam, na tulipopata fedha kidogo za michango ya ndugu tukakimbilia kulipia ukumbi wa viti mia tatu. Usiku wa onyesho walikuja watu kumi na wanane, nusu yao shangazi na binamu zetu. Sauti zilikwenda kugonga ukuta wa nyuma na kurudi kama zinatuzomea. Amana ya ukumbi haikurudi, maleba tuliyokodi tukayalipa kwa mkopo, na baada ya mwezi mmoja hakuna aliyekuwa akipokea simu ya mwenzake.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza hauhusu uigizaji. Tafuteni mahali panapojazwa na watu hamsini. Inaweza kuwa ua wa nyumba, baraza pana, au darasa baada ya saa za masomo. Jerzy Grotowski, ambaye jina lake halikosekani watu wanapozungumzia maigizo ya majaribio, mwaka 1959 alianza kazi katika mji mdogo wa Opole, Poland, kwenye ukumbi ulioitwa kwa idadi ya safu zake za viti: kumi na tatu. Mahali padogo hukupa kitu ambacho runinga haiwezi kukupa. Mtazamaji anaona jasho, anasikia mnong'ono, na akikohoa mwigizaji naye anamsikia.

Tandikeni mkeka, huo ndio jukwaa. Watazamaji wakae pande tatu, watoto mbele chini, wazee kwenye mabenchi, na upande wa nne ubaki njia ya kuingilia na kutokea. Kisha fanyeni jaribio hili: mwigizaji ageuke, awape mgongo walio kwenye viti vya mwisho, aseme maneno yake wakati bajaji inapita barabarani. Asiposikika, punguzeni viti. Msikimbilie kununua maikrofoni.

Sasa, mchezo wenyewe. Wengi wanaogopa neno "majaribio" wakidhani ni kitu kilichoshuka na ndege. Lakini mwaka 1976 mwandishi wetu wa tamthilia, Ebrahim Hussein, alichapisha *Ngao ya Jadi* na *Jogoo Kijijini*, kazi zinazobebwa na msimuliaji mmoja badala ya kundi la wahusika. Kikundi cha Paukwa, kilichojipa jina la mwanzo wa hadithi zetu, kilitoa *Ayubu* mwaka 1984, kazi iliyotungwa na kikundi kwa pamoja. Watu hawa walichukua ngano, ambayo kila bibi anaijua, wakaivunja na kuiunga upya. Mtambaji, kiitikio, mtu mmoja anayegeuka kuwa fisi na mara kuwa hakimu: zana zote mnazo tayari.

Msianze na ujumbe. Huu ndio ugonjwa wa michezo yetu mingi: mradi unataka watu walale kwenye chandarua, basi wahusika wote wanazungumza kama bango la zahanati. (Nami nimekula fedha za miradi hiyo, siwacheki walio nazo.) Anzeni na tukio ambalo ninyi wenyewe hamkubaliani juu yake. Mathalani baba amefariki, watoto wanne, nyumba moja, na mdogo wa mwisho ndiye aliyemuuguza. Nani abaki na nyumba? Kama kikundi chote kina jibu moja, chagueni tukio lingine.

Wiki ya kwanza kila mtu alete kisa cha kweli cha dakika tano, bila kutaja majina. Wiki ya pili visa vibadilishane wenyewe: kisa changu akisimulie mwenzangu, nami nikae kimya hata akikosea. Angalieni alichosahau, kwani mara nyingi ndicho kinachofaa kukatwa. Angalieni pia alichoongeza. Wiki ya tatu simameni mkiviigiza, lakini kwa masharti. Leo bila maneno kabisa. Kesho kila mhusika aseme kwa methali tu. Keshokutwa kuwe na kitu kimoja peke yake, tuseme kanga, nayo iwe mtoto, sanda, pazia na deni. Masharti humbana mwigizaji hadi aache vile vicheko na vilio alivyovikariri kwenye vichekesho vya runinga. Mmoja wenu awe nje ya uga kila siku, akiandika au akirekodi kwa simu kwa ridhaa ya wote. Msiandike mswada wowote kabla ya wiki ya nne.

Hapo mtakuwa na saa moja na nusu ya vipande vinavyopigana, na mnahitaji dakika arobaini na tano. Ndipo demokrasia inapokoma. Chagueni mwongozaji mmoja mwenye mamlaka ya kukata, na anayekatiwa kipande chake aruhusiwe kununa siku moja tu.

Jambo moja la kuangaliwa sana: kisa cha kweli kina wenyewe. Badilisheni kazi ya mhusika, mahali, idadi ya watoto, kisha mwulizeni aliyekileta kama shangazi yake akiketi mstari wa mbele atajitambua. Akisita, kiacheni.

Halafu fungueni mlango kabla kazi haijakamilika. Pale Kamiriithu, Limuru, nchini Kenya, mwaka 1977, mswada wa *Ngaahika Ndeenda* wa Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ ulisomwa na kujadiliwa na wanakijiji, nao wakausahihisha: lugha, nyimbo, namna mambo yalivyofanyika hasa. Mazoezi yalifanyika hadharani kwenye jukwaa la wazi walilojenga kwa mikono yao. Leseni ilifutwa baada ya wiki chache tu za maonyesho, na mwaka 1982 jukwaa lenyewe likabomolewa. Ila namna ile ya kutunga haikubomoka, na yeyote anaweza kuiazima.

Kikundi chetu cha pili kilifanya mazoezi uani, na watoto wa jirani walikuwa wakichungulia. Jioni moja tukawakuta wakituigiza. Hotuba kali ya kaka mkubwa katika mchezo wetu, tuliyoisugua wiki nzima, hawakuigusa. Waliigiza mahali ambapo mjomba anahesabu mabati kimyakimya huku watu wanalia. Tukakata hotuba, mjomba tukamwongezea mabati.

Mkimaliza zoezi la wazi msiwaulize watu kama wamependa, maana watawaambia hongereni. Ulizeni: nani alikosea? Ulianza kuangalia simu wapi? Andikeni majibu, na msijitetee.

Kuhusu fedha nitasema machache. Nauli za waigizaji zitoke kwanza, kabla ya maleba, kabla ya bango. Kiingilio kidogo mlangoni ni bora kuliko bure. Wafadhili waendeeni mkishakuwa na mchezo wa pili, si kabla, la sivyo watawatungia wa kwanza.

Karatasi zina umuhimu wake. Nchini Tanzania, vikundi vya sanaa husajiliwa na Baraza la Sanaa la Taifa (BASATA), na ofisi ya serikali ya mtaa ijue mapema kuwa mnakusanya watu. Mambo ya hakimiliki yanashughulikiwa na COSOTA kwa Tanzania na KECOBO kwa Kenya. Lakini karatasi muhimu kuliko zote ni ile mtakayoiandika wenyewe, ukurasa mmoja: mchezo uliotungwa na watu sita ni mali ya nani, aliyeondoka anabaki na haki gani, na kituo cha runinga kikija kuutaka nani anasaini. Wekeni sahihi kabla ya onyesho la kwanza, wakati bado mnapendana.

Na kama tayari mna dakika kumi tu zinazosimama, msingoje zingine. Jumamosi hii waiteni majirani.