SOMO LA MWEZI: BAISKELI WAKATI WA KIFUKU

Masomo ya Biblia: Mhubiri 11:1–6, Matendo 27:9–44, 2 Timotheo 4:9–21.

Kusudi la somo: Kutusaidia sisi tunaokwenda kazini na kanisani kwa baiskeli tusilegee wakati wa mvua, tena tujue siku ya kwenda na siku ya kungoja.

Utangulizi

Hapa Itumba na Ileje yote hatuna vuli na masika kama wenzetu wa pwani na wa kaskazini. Sisi tuna msimu mmoja tu wa mvua, ambao kwa kawaida huanza Novemba na kuendelea hadi Aprili, nao ndio kifuku chetu. Hiyo ni miezi sita, nusu ya mwaka. Tena tuangalie kalenda ya Kanisa: Majilio, Krismasi, Kwaresima na Pasaka zote huangukia ndani ya miezi hiyo. Kwa hiyo Mkristo asemaye, "Nitakwenda mvua ikiisha," amekwisha kuamua, bila kujua, kuzikosa karibu sikukuu zote kubwa.

Ni kweli kwamba siku hizi barabara ya Mpemba hadi Isongole ina lami, na bodaboda ni nyingi. Lakini njia nyingi za kwendea vijijini bado ni za udongo, tena za kupanda na kushuka milima, na si kila mtu ana nauli ya pikipiki kila siku. Katekista, mwalimu, mhudumu wa afya na mwanafunzi bado wanaitegemea baiskeli. Wazee wanazikumbuka Raleigh za Uingereza, Phoenix za China, Hero za India, na Swala zetu wenyewe zilizotengenezwa hapa nchini. Baiskeli hizo hazikuchagua majira. Mwenye kuchagua majira ni sisi.

1. Tusiungoje moyo

Sote twaijua asubuhi ya Januari. Mvua inapiga bati, blanketi lina joto, nje ni ukungu mtupu. Hapo ndipo mabishano yanapoanza ndani ya mtu: je, niende au nisiende? Mtu akiyaanza mabishano hayo akiwa bado kitandani, aghalabu hushindwa. Mhubiri aliliona jambo hili zamani, akasema kwamba mkulima anayekaa kuchungulia upepo na mawingu hatapanda, wala hatavuna.

Sisi tuliofanya kazi katika chuo cha ualimu tulikuwa tukiwaambia wanachuo kwamba somo halitayarishwi mbele ya wanafunzi. Andalio la somo huandikwa jana yake, wakati akili imetulia. Mwalimu anayeingia darasani bila andalio hutegemea furaha ya siku ile, na furaha hiyo siku nyingine haiji. Safari ya mvua ni vivyo hivyo. Nia ya kwenda haina budi kutayarishwa jioni, kabla mvua haijaanza kusema nasi. Hilo ndilo neno kuu la somo letu: bidii ya siku mbaya hutengenezwa siku njema.

2. Andalio la safari

Basi jioni tutayarishe nini?

(a) Mwili. Nguo iliyolowa hupoteza joto la mwili upesi sana, maana maji hupitisha joto takriban mara 25 kuliko hewa. Ndiyo sababu mtu aliyelowa hutetemeka hata kama baridi si kali. Koti la mvua liwe limetundikwa karibu na mlango. Nguo kavu za kubadili zikunjwe ndani ya kipande cha turubai, pamoja na Biblia na Kitabu cha Sala, zifungwe kwenye keria. Mifuko ya plastiki ya kubebea mizigo ilipigwa marufuku nchini tangu tarehe 1 Juni 2019, kwa hiyo turubai au kitambaa cha mwavuli mkuukuu yafaa zaidi. Kwa sababu ya ukungu, nguo ya juu iwe nyeupe au ya njano, hasa kwa wanaopita kwenye lami pamoja na malori.

(b) Chombo. Mnyororo upanguswe na kutiwa oili. Viraka, gamu na pampu viwepo. Tujue pia kwamba rimu ya chuma ikilowa, breki hushika vibaya sana, na baiskeli huhitaji umbali mrefu zaidi kabla ya kusimama. Kabla ya mteremko tubane breki polepole mara mbili tatu ili zifute maji kwenye rimu. Mteremko ukiwa mkali, tushuke tukokote, hakuna aibu. Udongo wetu mwekundu hujaa kati ya tairi na madigadi mpaka gurudumu lisizunguke, kwa hiyo kijiti cha kukwangulia ni chombo cha safari kama pampu ilivyo.

(c) Saa. Mara nyingi huku milimani mvua kubwa hunyesha mchana na alasiri. Mwenye kuondoka mapema hupata nafuu, naye hana haja ya kukimbia mahali penye utelezi.

Mtu aliyefanya hayo yote jioni, asubuhi hana mengi ya kuamua. Anachukua koti na kutoka. Sehemu ngumu ni dakika kumi za kwanza. Baada ya hapo miguu hupata moto, na aliyekwisha kulowa kidogo haogopi tena kulowa.

3. Safari iwe na jina la mtu

Sababu nyingine ya kulegea ni kwamba twaenda kwa ajili ya jambo lisilo na uso. "Naenda kwenye mafundisho," twasema. Mafundisho hayahuzuniki tusipofika. Afadhali tuseme, "Naenda kwa bibi yule mgonjwa ambaye hajatembelewa tangu mwezi uliopita." Au, "Naenda kwa watoto wanane wa kipaimara ambao wametembea kwa miguu katika mvua hii hii." Mtu anayengojewa hupata nguvu ambazo mtu asiyengojewa hana.

Tena yafaa kwenda wawili. Bwana wetu aliwatuma wanafunzi wake wawili wawili, na kila mpanda baiskeli anaijua faida yake. Mkikubaliana kukutana mahali fulani saa kumi na mbili na nusu, hakuna atakayependa kumwacha mwenzake amesimama mvuani. Na mnyororo ukikatika, mmoja anashika baiskeli na mwingine anatengeneza.

4. Wajibu wa wanaongoja

Mpaka hapa tumesema na mwenye baiskeli. Lakini somo hili linawahusu pia waliobaki nyumbani, na pengine wao zaidi.

Katekista anapofika amelowa mpaka mifupani, akakuta kanisa limefungwa kwa sababu kila mtu alidhani hatakuja, safari ijayo ataendaje? Jumapili moja ya namna hiyo huvunja moyo kuliko mvua kumi. Nasi mara nyingi twamlaumu kwamba hana bidii, hali sisi tunaokaa mita mia mbili kutoka kanisani hatukutoka.

Basi kila kanisa dogo la kijijini lichague nyumba moja ya zamu wakati wa kifuku. Nyumba hiyo iwashe moto, iwe na chai au uji wa moto, na shuka kavu. Akina mama wetu wanajua kuyafanya haya bila kufundishwa. Tunachohitaji ni zamu, ili mzigo usimwangukie mmoja. Vijana nao watengeneze njia: wachimbe mifereji pembeni, waweke mawe penye matope, wafunge upya daraja la miti kabla ya Novemba.

Wenzetu wa Uholanzi hufanya zaidi ya robo ya safari zao zote kwa baiskeli, na huko mvua hunyesha mwaka mzima. Katika mji wa Oulu, kaskazini ya Finland, watu hupanda baiskeli hata wakati wa theluji. Tusidhani watu hao wana mioyo ya chuma. Wana njia zilizotengenezwa, na theluji huondolewa njiani mapema. Bidii ya mmoja husimama juu ya kazi ya wengi.

5. Siku ya kutokwenda

Sasa tuseme jambo ambalo wenye bidii hawapendi kulisikia. Iko siku ambayo kwenda si imani.

Maji yanayokwenda kasi, hata yakiwa na kina cha sentimita 15 tu, yaweza kumwangusha mtu mzima. Mwenye baiskeli ni rahisi zaidi kuangushwa, maana maji husukuma magurudumu. Na maji ya matope hayaonyeshi kama chini pana shimo. Wakazi wa bonde la Songwe wanajua kwamba mto ule wa mpakani, ukifurika, huweza hata kuhama mkondo wake. Basi kijito kikivuka kimo chake, tugeuke. Baiskeli ikichukuliwa na maji, tuiache iende.

Radi nayo haina mzaha. Sauti husafiri karibu mita 340 kwa sekunde, yaani kilometa moja kwa sekunde tatu hivi. Tukiona mwanga tuhesabu: tukifika tisa ngurumo iliposikika, radi iko kilometa tatu, nayo yatosha kutufikia. Tushuke kwenye baiskeli, tuingie ndani ya nyumba, tusisimame chini ya mti wala kileleni, tena tungoje nusu saa baada ya ngurumo ya mwisho.

Kanisa letu la Anglikana limeijua hatari ya namna hii katika ziwa Nyasa, jirani yetu. Chauncy Maples, aliyetumika miaka mingi Masasi na Likoma, aliwekwa wakfu kuwa askofu mwaka 1895. Mwezi Septemba mwaka huo huo, akiwa safarini kurudi Likoma, dhoruba iliipindua mashua, akafa maji. Rafiki yake tangu Chuo Kikuu cha Oxford, William Percival Johnson, alikuja Afrika mwaka 1876, akaendelea na kazi katika ziwa hilo hilo, ingawa macho yake yalikuwa mabovu sana, mpaka alipofariki mwaka 1928 na kuzikwa Liuli. Hatusemi kwamba mmoja alikuwa na imani kuliko mwenzake. Twatazama Kanisa lilivyofanya baada ya msiba: halikuliacha ziwa, wala halikuwatuma watu wengine kwa mashua ndogo tu kama kwamba hakuna kilichotokea. Liliagiza meli, ikatengenezwa Glasgow, ikaletwa vipande vipande, ikaungwa na kushushwa majini mwaka 1901, ikiitwa Chauncy Maples. Walioomboleza walijitayarisha.

6. Joho la Paulo

Tumalizie kwa Mtume Paulo, maana hakuna aliyesumbuliwa na hali ya hewa kuliko yeye. Alivunjikiwa na chombo baharini mara tatu, akapata baridi na kukosa nguo (2 Wakorintho 11:25–27). Hata hivyo katika Matendo 27 ni yeye aliyewaonya mabaharia wasiondoke, kwa kuwa majira ya hatari yalikuwa yamefika. Akida alimsadiki nahodha kuliko Paulo, na chombo kikavunjika. Mtu aliyezizoea dhoruba ndiye aliyejua kusema, "Leo tungoje."

Na katika barua yake kwa Timotheo, akiwa kifungoni na kifo kiko karibu, aliomba mambo mawili ambayo sisi husoma haraka haraka. Aliomba aletewe joho lake aliloliacha kwa Karpo huko Troa, tena alimsihi Timotheo ajitahidi kufika kabla ya majira ya baridi. Huyu ndiye aliyemwambia Timotheo ahubiri wakati ukifaa na usipofaa! Hakuona haya kuomba joho. Imani yake haikujifanya kwamba baridi haipo. Ilijua baridi inakuja, ikaagiza nguo mapema.

Nasi tufanye vivyo hivyo. Koti litundikwe, mnyororo utiwe oili, mwenzetu aambiwe saa, na nyumba ya zamu iwashe moto.

Maswali ya kujadiliana

1. Katika kanisa lenu, ni nani husafiri mbali kuja kuwahudumia wakati wa kifuku? Je, mara ya mwisho alipokewaje?
2. Tajeni mahali pawili katika njia zenu panapohitaji kutengenezwa kabla ya Novemba. Nani atasimamia kazi hiyo?
3. Ni kijito gani ambacho kikijaa haipasi mtu kuvuka? Je, watoto wenu wanakijua, na wanajua waelekee nyumba ya nani?
4. Kuna tofauti gani kati ya woga, uvivu na busara? Toeni mfano wa kila kimoja.

Sala

Ee Mungu, uletaye mvua juu ya mashamba yetu, uwalinde wote walio njiani leo katika matope na ukungu. Wape moyo wa kutoka, macho ya kuona hatari, na busara ya kurudi inapobidi. Utufanye sisi tulio ndani tuwe na moto uwakao na mlango ulio wazi, kwa ajili ya Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.