Maini yetu na dawa mupya za kulevya



Kitu mutu anachokula, anachokunywa ao anachovuta kinaingia katika damu, na damu inakifikisha kwenye maini. Maini ni kama kiwanda: yanabadilisha dawa na sumu, kusudi zitoke pamoja na mukojo.

Mwisho wa mwaka 2008, huko Ujerumani, wachunguzi walikuta dawa moja, JWH-018, katika majani makavu yaliyouzwa kwa jina la Spice. Ilikuwa imetengenezwa zamani Marekani, katika laboratwari ya Profesa John W. Huffman, kwa ajili ya uchunguzi tu. Inagusa ubongo mahali pale pale panapoguswa na bangi, lakini inapita bangi kwa nguvu.

Walipopima mukojo wa wavutaji, dawa yenyewe haikuonekana. Kwa nini? Maini yalikwisha kuibadilisha: kwanza yanaitia oksijeni, halafu yanaifunga na kitu cha ukoo wa sukari, iyeyuke katika maji. Basi wachunguzi wanachanganya dawa mupya na chembe za maini ya mutu ndani ya chupa, wanaangalia inageuka nini, kisha wanatafuta alama zile zile katika mukojo. Kazi hiyo inaanza tena kwa kila dawa mupya, na Umoja wa Mataifa umekwisha kuhesabu zaidi ya 1,000.

Mushike mambo matatu:

1. Usiseme: «Maini yatamaliza sumu.» JWH-018 ikiisha kubadilishwa, sehemu zake zingine zinaendelea kugusa ubongo.

2. Kipimo cha kawaida cha bangi hakioni dawa hizi. Kipimo kisichoonyesha kitu hakihakikishi kama mutu anaweza kuendesha motokari ao kushuka katika shimo.

3. Mwenzako akianguka, usimwache peke yake. Kama anapumua lakini hasikii, mulaze kwa ubavu, na itisha musaada upesi. Umwambie munganga kweli yote: alivuta nini, saa gani. Kama kuna mabaki ao kifuko, kipeleke. Laboratwari isiyojua inatafuta nini inaweza kupita kando ya sumu.

Wazazi, muongee na watoto mapema. Bibi, usifiche neno kwa haya: munganga anatafuta kuponyesha, na neno lako linaweza kumurudishia bwana uzima.