GTX 1060 au RX 580: Fungua Kasha Kabla ya Kufungua Pochi

Saa nne usiku mpwa wangu alinitumia picha ya kadi mbili za michoro zikiwa juu ya meza ya duka. Moja GTX 1060 ya GB 6, nyingine RX 580 ya GB 8, zote mtumba. Chini yake aliandika maneno matatu: "Mjomba, ipi kali?"

Nami nikamuuliza: "Pawasaplai yako ni ya wati ngapi?"

Kimya. Asubuhi ndipo ilipokuja picha nyingine, ya kibandiko kilichojaa vumbi ndani ya kompyuta yake, mnara wa Dell OptiPlex 7010 uliowahi kutumika ofisini. Wati 275. Hapo sasa tukaweza kuzungumza.

Kadi zenyewe ni za rika moja. Nvidia walitoa GTX 1060 Julai 2016 kwa dola 249; AMD wakaleta RX 580 Aprili 2017, ile ya GB 8 ikiwa dola 229. Muuzaji atakuambia kwamba 580 ina viini 2304 na 1060 ina 1280 tu, kwa hiyo ya kwanza ni karibu mara mbili ya pili. Usimsikilize. Viini vya makampuni hayo mawili havifanyi kazi sawasawa, na kuvihesabu hivyo ni kulinganisha ng'ombe na mbuzi kwa idadi ya vichwa. Kinacholinganishika ni kumbukumbu: GB 8 dhidi ya 6, na kasi ya kuipitishia data, GB 256 kwa sekunde dhidi ya 192. Hapo 580 inaongoza kweli.

Kwenye gemu, kwa monita ya 1080p, hawa ni ndugu wanaogombana. Gemu zilizoandikwa kwa Vulkan au DirectX 12 huipenda zaidi 580, na zile nzito za miaka ya karibuni hunufaika na GB 2 za ziada: mandhari hazikwamikwami kirahisi. Lakini gemu nyingi zinazochezwa mitaani kwetu bado ni za DirectX 11, na hapo draiva ya Nvidia huibebesha prosesa mzigo mdogo zaidi. Kama prosesa yako ni i5 ya kizazi cha tatu, kama ya mpwa wangu, jambo hilo utaliona. Kwa prosesa mpya hutaliona. Kuna pia gemu zitakazozielemea zote mbili: Alan Wake 2 ya mwaka 2023 ilijengwa kwa teknolojia ambayo kadi hizi hazina kabisa. Na ukisikia habari za DLSS, teknolojia ya Nvidia ya kukuza picha ili gemu iende kasi, usihangaike. Hata 1060 haina, japo ni ya Nvidia. FSR ya AMD ndiyo inayofanya kazi kwenye zote mbili.

Sasa umeme, na hapa ndipo watu wengi hutupa hela. GTX 1060 imepangiwa wati 120, na kwa kawaida huchukua plagi moja ya pini 6. RX 580 imepangiwa 185 na hutaka plagi ya pini 8, nyingine hutaka na ya pini 6 juu yake. Nvidia walipendekeza pawasaplai ya wati 400, AMD 500. Minara ya ofisini inayoletwa kwetu mtumba mara nyingi haifiki huko, na kwa kawaida haina hata waya mmoja wa kadi ya michoro. Fundi atakuambia, "Hiyo ndogo, tunaunga." Atachukua plagi ya SATA, ile ya kulishia diski, aigeuze kuwa pini 8. Plagi ya SATA imetengenezwa kubeba takribani wati 54 kwenye volti 12. Plagi ya pini 8 inaruhusu kadi kuvuta 150. Mzigo huo wa ziada utakipasha moto kiplastiki chembamba cha plagi, na harufu yake utaijua.

Kabla ya kununua pawasaplai mpya, angalia plagi inayoingia kwenye ubao mama. Ikiwa ni ya pini 24, mambo ni mepesi. Ikiwa ni ya pini 6 au 8, kama zilivyo mashine nyingi za ofisini, pawasaplai ya kawaida haitaingia bila adapta maalumu. Na kama kasha lako ni lile jembamba, sahau kadi zote mbili. Tafuta GTX 1050 Ti ya umbo fupi: hulishwa na ubao mama wenyewe kwa wati 75, bila waya wa ziada.

Hesabu ya thamani, basi, haianzi na bei ya kadi peke yake. Tuseme, kwa mfano tu, 580 ni shilingi 200,000 na 1060 ni 230,000. Mwenye pawasaplai ya wati 400 yenye plagi ya pini 6 atachomeka 1060 na kuendelea na maisha. Akitaka 580 itabidi aongeze, tuseme, 120,000 za pawasaplai, na ile iliyokuwa rahisi imeshakuwa ghali. Mwenye wati 550 za kampuni inayoaminika hana sababu ya kulipa zaidi: achukue 580. Kisha weka umeme wa LUKU. Tofauti ya wati 65, kwa saa nne kila siku, kwa mwezi ni yuniti 7.8. Zidisha kwa bei unayolipa wewe, halafu kwa miezi unayotarajia kukaa na kadi.

Kisha uulize kadi imetoka wapi. RX 580 ilipendwa mno na wachimbaji wa sarafu za kidijitali, na Ethereum ilipoacha uchimbaji Septemba 2022, kadi zao zilimwagika sokoni. Kadi ya mchimbaji si lazima iwe mbovu. Wengi waliishusha umeme ili itumie kidogo, hivyo chipu yenyewe huwa salama. Kinachochoka ni feni na vipande vya kupitishia joto juu ya kumbukumbu. Balaa kubwa zaidi ni BIOS iliyobadilishwa, maana draiva inaweza kugoma kabisa.

Halafu kuna majina yanayodanganya. Huko China iliuzwa RX 580 2048SP, yenye viini 2048 badala ya 2304, ambayo kwa undani ni RX 570 iliyovaa jina la kaka yake. Mimi niliwahi kuinunua moja bila kujua, na muuzaji aliapa kwa watoto wake wote. Upande wa Nvidia kuna GTX 1060 ya GB 3, ambayo haikupungukiwa kumbukumbu tu; viini vyake ni 1152. Kuna hata kadi za zamani sana zilizoandikwa upya zijiite 1060. Programu ya bure ya GPU-Z huonyesha idadi ya viini, na nyingi za bandia huziandikia "fake" mbele ya jina. Nenda nayo dukani kwenye flashi. Ukimaliza, washa FurMark, programu ya kuichosha kadi, kwa dakika 15, sikiliza feni, tazama kama vidoadoa au mistari inatokea. Muuzaji anayekataa kuichomeka kadi amekwisha kukujibu.

Kama unafanya kazi nyingine mbali na gemu, mizani hubadilika. Programu ya 3D ya Blender, kuanzia toleo la 3.0 la Desemba 2021, haiitumii tena RX 580 kurenda kwa injini yake ya Cycles. 1060 inaendelea kupitia CUDA. Kwa kurusha gemu mubashara pia ningechukua Nvidia. Kwa Linux ningechukua 580 bila kufikiri, kwa kuwa draiva yake imo ndani ya mfumo wenyewe. Umri nao unazidai zote mbili: Nvidia walitangaza kwamba Oktoba 2025 ndio mwisho wa draiva za gemu kwa kizazi cha 1060, zikibaki za usalama hadi Oktoba 2028, na AMD tangu mwishoni mwa 2023 wanaitunza 580 kwa masasisho machache tu.

Mpwa wangu anacheza GTA V na anajifunza Blender, prosesa yake ni nzee, na pawasaplai ilikuwa lazima ibadilishwe kwa vyovyote. Bahati nzuri ubao wake ulikuwa wa pini 24. Nilimwambia achukue 1060 na pawasaplai ya wati 450. Jioni akapiga simu: "Mjomba, waya wa bluu hauna pa kuingia."

Monita yake ni ya VGA, na kadi hizi zote mbili hazitoi mawimbi ya VGA. Nilimwelekeza anunue adapta ya HDMI kwenda VGA yenye chipu ndani, si waya mtupu unaouzwa kwa bei ya chipsi, na kama atakutana na monita ya mtumba yenye HDMI kwa bei inayokaribia hiyo, abebe monita.